Nani Anagonga Nyundo ya Pili?

Kwetu hatuna haja ya jogoo. Asubuhi tunaamshwa na cherehani.

Mke wa mwanangu ni mshonaji. Watu wanamwita Sindano, na jina limemkaa. Ni mwembamba, ana jicho kali, na ukimgusa vibaya anachoma. Anakaa verandani kutwa nzima. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, sindano inashuka. Tak, tak, tak.

Mwanangu ni fundi wa mapaa. Tunamwita Fundi, basi. Yeye hana haraka. Huinua nyundo polepole, kama mtu anayejiuliza huo msumari umemkosea nini. Hata tumboni alikaa hadi mkunga akachoka kusubiri, akaenda kula, akarudi.

Mimi ni mama yake. Kazi yangu ni kuchambua mboga, kuwangoja wajukuu watoke shule, na kusikiliza mambo yasiyonihusu.

Nyumba yetu iko juu ya mteremko. Mbele yetu kuna bonde lenye bustani za mboga. Ng'ambo ya bonde, juu ya mteremko wa pili, inajengwa nyumba kubwa. Kwa macho iko pale tu. Kwa miguu unashuka, unaruka mfereji, unapanda, unafika ulimi uko nje.

Fundi alipata kazi ya kuipaua nyumba hiyo. Sindano alifurahi.

"Baba watoto, sasa nitakuona ukifanya kazi."

"Utaniona nikiungua jua."

"Nitakuona vizuri. Jicho la mshonaji halipitwi na kitu."

Kweli halikupitwa. Ingekuwa heri lingepitwa.

Siku ya kwanza Fundi kupanda juu, alianza kupigilia mbao za kenchi, zile zinazobeba bati. Mimi nilikuwa jikoni. Mara cherehani ikanyamaza. Cherehani ya kwetu ikinyamaza, ujue kuna jambo.

"Mama! Njoo umtazame mwanao."

Nikatoka na kisu mkononi. "Ameanguka?"

"Angeanguka ingekuwa nafuu. Tazama nyundo."

Nikafuta macho kwa upindo wa nguo, nikatazama. Fundi alikuwa juu ya mbao, mdogo kama kidole. Nyundo ikashuka. Kimya. Nyundo ikapanda. Ko!

"Umesikia?" akauliza Sindano.

"Nimesikia."

"Nyundo ilikuwa wapi?"

"Juu."

"Nyundo iliyo juu inagonga nini? Mawingu?"

Nikatazama tena. Ikashuka, kimya. Ikapanda, ko! Ikashuka, kimya. Ikapanda, ko! Kisha Fundi akaiweka nyundo juu ya ubao, akatoa kitambaa afute jasho.

Ko!

"Mama! Ameiweka chini! Nani amegonga?"

"Labda ni mwangwi, mwanangu."

"Mwangwi ni mlio wa pili. Mimi nasikia mmoja tu, na huo mmoja si wake."

"Basi labda msumari umekohoa."

Hakucheka. Akageuza kiti, akanielekea. "Mama, mimi nimeshona tangu nikiwa msichana. Sindano ikishuka, mlio unashuka nayo. Havijawahi kuachana hata siku moja. Kitu kikigonga, kinalia palepale. Huyu mwanao anapunga nyundo ya uongo. Mwenye kugonga kweli yumo ndani ya nyumba, amejificha."

"Nani huyo?"

"Mwanamke."

Nikakaa chini. Jambo lenyewe lilitaka kukaa. "Mwanamke agonge misumari kwa sababu gani?"

"Ili mimi huku nisikie ko, ko, nidhani mume wangu anafanya kazi."

"Mkwe wangu," nikamwambia, "kama Fundi amepata mwanamke anayejua kupigilia misumari, amlete hapa hapa. Mlango wa choo umeanguka tangu mwaka jana."

Hapo ndipo nilipoona machozi yamemjaa. Nikajuta kidogo. Kidogo tu, maana ule mlango kweli umeanguka.

*

Jioni Fundi akarudi, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Pole na kazi," Sindano akasema.

"Asante, mama watoto."

"Na mwenzako mpe pole."

"Mwenzangu yupi?"

"Yule anayekugongea."

Fundi akavua kiatu kimoja. Akafikiri. Akavua cha pili. "Juu niko peke yangu. Vibarua wako chini wanachanganya zege."

"Ukiweka nyundo chini, nani anagonga?"

Fundi akanyamaza. Yeye ndivyo alivyo, jibu lake hutoka mbali.

"Mama, umemwona? Anatafuta uongo!"

"Natafuta jibu," akasema Fundi.

"Mkweli hatafuti! Mkweli analo mdomoni!"

Maskini mwanangu. Kwa mwanaume mwepesi wa maneno, kesi ingekwisha kabla ya chakula kupoa. Yeye mpaka tunakosha vyombo bado alikuwa anasema, "Unajua..."

Kesho yake Sindano aliamua kwenda kumfumania. Akajifunga kitambaa kichwani, akashuka bondeni akipita nyuma ya mabua ya mahindi, akanyata kama paka. Alirudi amefura.

"Umemwona huyo mwanamke?" nikauliza.

"Amefichwa! Nilipokuwa mbali, mlio ulilia nyundo ikiwa juu. Nikasogea, ukakaribia nyundo. Nikasogea tena, ukakaribia zaidi. Nilipofika chini ya ukuta, nyundo na mlio vikawa kitu kimoja! Unaelewa maana yake?"

"Sielewi."

"Mwanao aliniona nikija! Akamwambia mwenzake aache, akaanza kugonga mwenyewe!"

Mimi nilisoma mpaka darasa la sita. Darasa la sita halikunisaidia. Ushahidi ule niliuona mzito.

Sindano akampelekea salamu kaka yake mkubwa, muuza nyama. Salamu zilikuwa fupi: Jumamosi aje na mkokoteni, achukue cherehani.

Wanangu, mwanamke akiondoka na nguo, hasira zikipoa atarudi. Akiondoka na cherehani, hiyo ni talaka yenye magurudumu. Usiku ule Fundi hakula. Sindano naye hakula. Chakula nikala mimi, maana kutupa ni dhambi. Lakini hakikushuka vizuri.

*

Jumamosi kaka mtu akafika. Mtu mnene, sauti nene, aproni ya kazini bado ina damu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuchinja au kuhamisha?"

"Nimekuja kumchukua dada yangu. Hawezi kuchekwa na misumari." Akamgeukia Fundi, aliyekuwa ameketi kwenye ngazi. "Shemeji, nakuheshimu. Lakini lisemwalo lipo."

Fundi akafungua mdomo. Tukangoja. Akaufunga.

Kaka mtu akashika cherehani upande mmoja, Sindano upande wa pili. Ndipo akapita jirani yetu, mwalimu wa michezo. Ni mwanamke mrefu, miguu kama ngazi, filimbi shingoni. Watu wanamwita Filimbi. Alikuwa anatoka uwanjani kufundisha watoto mbio. Mkononi alikuwa na mbao mbili zenye bawaba, zile wanazozigonganisha, pa! watoto wakaanza kukimbia.

"Shikamoo, bibi. Mnahama?"

"Marahaba, Mwalimu. Anahama mmoja. Amemfumania mumewe na mlio."

"Na nini?"

Sindano akaiachia cherehani, akamweleza kila kitu. Nyundo ikiwa chini, kimya. Nyundo ikiwa juu, ko. Nyundo ikilala, ko la mwisho. Ukikaribia, mlio unaikaribia nyundo. Mwalimu alisikiliza, mdomo ukawa unamchezacheza.

"Usicheke, Mwalimu. Ndoa inakufa hapa."

"Sikucheki, dada. Umetazama vizuri kuliko wanafunzi wangu wote. Ulichokiona ni kweli tupu. Ila huyo mwanamke hayupo."

"Wote mnamtetea!"

"Basi tufanye hivi. Kaka, tua cherehani, nipe muda mfupi tu. Wewe dada, chukua mbao hizi, uende kule kwenye jengo. Leo hakuna kazi, hakuna mtu. Simama pale peupe, mbali na ukuta, tukuone mzima. Ukiniona nimeinua mikono, zigonganishe kwa nguvu mara moja, kisha zitenganishe."

"Halafu?"

"Halafu sisi huku tutatazama kama uko peke yako."

Sindano akacheka kwa dharau. "Mimi? Mimi nina nani?" Akachukua mbao, akaenda.

Tukakaa verandani tukimngoja. Kaka mtu, Fundi, Mwalimu na mimi. Sindano akashuka, akaruka mfereji, akapanda, akasimama peupe. Nyuma yake kulikuwa na rundo la mchanga na lori lililopaki. Mwalimu akainua mikono.

Sindano akazigonganisha mbao. Tuliziona zikikutana. Kimya. Akazitenganisha, mikono ikafunguka kama mtu anayekaribisha wageni.

Pa!

Kaka mtu akaruka. "Nani huyo?"

"Nani yupi?" Mwalimu akauliza.

"Aliyegonga! Dada yangu mikono ameifungua!"

Mwalimu akainua mikono tena. Mbao zikakutana, kimya. Zikaachana. Pa!

Kaka mtu akakimbilia ukingoni mwa ua wetu, akaweka viganja mdomoni, akanguruma: "Dada! Uko na nani huko?"

Tulimwona Sindano amesimama tu. Kisha akashtuka. Akazitupa mbao chini, akashika kiuno. Kwa mbali tukamwona anafoka, na maneno yakafuata nyuma: "Niko peke yangu!"

"Mbona tumesikia mwingine?"

Mikono ikatoka kiunoni, ikaenda kichwani. Halafu: "Mwingine gani, wewe? Mimi ndiye niliyegonga!"

"Nyuma ya lori kuna nani?"

Hapo Sindano aliokota kitu. Nadhani ni jiwe. Kwa bahati njema mawe hayana mbio za mlio.

Fundi, pale kwenye ngazi, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze.

"Sasa mwite aje," Mwalimu akasema. "Aje akigonga. Hatua kadhaa, agonge. Hatua kadhaa, agonge."

Sindano akaziokota mbao, akaja hivyo, amekasirika, akigonga mbao kama anagonga kichwa cha kaka yake. Bondeni, mlio ulikuwa bado unachelewa, ila si sana. Penye mfereji, ulichelewa kidogo tu. Chini ya mteremko wetu, ungesema labda unachelewa, labda hauchelewi. Alipofika uani akasimama mbele ya pua ya kaka yake, akagonga.

Pa! Mbao na mlio pamoja.

"Nimemficha wapi?" akauliza Sindano. "Mfukoni?"

Kaka mtu akajikuna. "Dada, mimi nilikuona kwa macho yangu na..." Walitazamana. Halafu Sindano, polepole sana, akageuka kumtazama mumewe kwenye ngazi.

*

"Kaeni," Mwalimu akasema. "Nitawaeleza kitu ambacho mkimbiaji yeyote anakijua."

Akaomba beseni la maji. Akadondosha punje ya hindi katikati. Vimawimbi vikaenda, vikaenda, vikagusa ukingo.

"Mmeona? Punje imeanguka katikati, lakini ukingo umepata habari baadaye. Mlio ni hivyo hivyo. Ukigonga, unaisukuma hewa iliyo karibu. Hiyo inasukuma ya jirani yake. Jirani anamsukuma jirani. Mpaka hewa iliyo mlangoni mwa sikio lako isukumwe, muda umepita."

"Kama umbea," nikasema.

"Kama umbea, bibi. Ila umbea una mbio zaidi."

"Na macho?" Sindano akauliza kwa sauti ndogo.

"Macho hayasubiri hewa. Unaona kwa sababu mwanga unatoka pale kwenye nyundo unaingia jichoni. Na mwanga, dada yangu, hauna mfano. Katika sekunde moja ungeweza kuizunguka dunia yote zaidi ya mara saba. Hapa mpaka kwenye jengo ni kufumba na kufumbua, tena hata kope haijaanza kushuka."

"Na mlio, katika hiyo sekunde moja?"

"Mlio unatembea mita mia tatu na arobaini hivi. Panga viwanja vitatu vya mpira kimoja baada ya kingine, ongeza kidogo. Ndio umbali wa hapa mpaka kule. Kwa hiyo nyundo ya mumeo unaiona sasa hivi, lakini unaisikia sekunde moja baadaye. Na kwa vile yeye hana haraka, sekunde hiyo inamkuta nyundo iko juu."

"Angekuwa na haraka kama wenzake, nisingegundua!"

"Ungegundua mwisho. Akiacha kugonga, mlio wa mwisho bado uko njiani."

Kaka mtu akaipiga aproni yake. "Lisemwalo lipo!"

"Na kama halipo, laja," Mwalimu akamalizia. "Lile ko la mwisho halikuwa la mtu. Lilikuwa linakuja."

"Na nilipokwenda kumvizia," Sindano akasema, akihesabu kwa vidole kama anayepima kitambaa, "nilivyosogea, mlio haukuwa na safari ndefu tena. Pale ukutani ukawa kama cherehani yangu."

"Cherehani iko chini ya pua yako. Mlio unapiga hatua moja tu, sikio haliwezi kujua kama umechelewa. Hata sisi kwenye mbio, mshika saa anayesimama mwisho wa uwanja hangoji asikie pa. Anatazama mbao. Zikikutana tu, anabonyeza saa. Akingoja mlio, ameshamwibia mtu muda."

Nami nikakumbuka jambo. "Mwalimu, na radi je? Kwanza inamulika, halafu inanguruma."

"Ndiyo hiyo hiyo, bibi. Mmweko na ngurumo huzaliwa pamoja. Mmweko unafika papo hapo, ngurumo inakuja kwa miguu. Ukiona mmweko, anza kuhesabu polepole, kama unahesabu mayai. Kila ukifika tatu, hiyo ni kilomita moja. Ukisikia ngurumo kabla ya kufika thelathini, radi iko ndani ya kilomita kumi. Acha kazi. Ingia kwenye nyumba iliyokamilika au kwenye gari lililofungwa. Si chini ya mti, si verandani, na juu ya paa usiseme. Utoke nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho."

"Na kama sikuuona mmweko, nimesikia ngurumo tu?"

"Usihesabu, bibi. Ukiisikia, inakufikia. Ingia."

Kaka mtu akairudisha cherehani mahali pake, akaipangusa. Alisukuma mkokoteni mtupu kurudi buchani. Nilimwambia asione hasara, safari njema ni ile unayorudi huna mzigo.

*

Mngedhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Sasa alinuna Fundi.

"Nimeitwa mwongo," aliniambia. Maneno yalimchukua siku mbili kuyapanga. "Nimetafutiwa mwanamke, hata sura yake sijaiona. Mwishoni naambiwa alikuwa hewa."

"Msamehe, baba. Naye ameumia."

"Aseme yeye."

Sindano alikuwa anataka kusema, lakini neno la samahani kwake ni kama uzi mnene, halipiti tunduni. Wakaacha kuongea. Mimi nikawa posta.

"Mama, mwambie mwenye cherehani shati langu limechanika."

"Mama, mwambie mwenye nyundo shati haliji lenyewe."

"Mama, mwambie limekuja."

Shati nililibeba mimi, hatua nne, kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Nilikonda.

Mara mbili nilimkuta Sindano ameacha kushona, anatazama ng'ambo. Nyundo ikishuka anasema "moja", na mlio unafika. Hakuwa anapeleleza tena. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kuzungumza na mumewe.

Ikaja alasiri moja ya joto. Fundi alikuwa anapigilia bati za mwisho, amekipa mgongo kilima kilicho nyuma ya jengo. Nyuma ya kilima wingu lilipanda, jeusi kama sufuria. Yeye hakuliona. Sindano alikuwa anashona sketi nyekundu ya mteja.

Wingu likamulika. Cherehani ikanyamaza.

"Moja, mbili, tatu..." Sindano akahesabu mpaka ishirini na nne. Ngurumo. "Kilomita nane. Mama, yuko juu ya bati!"

"Mwite."

"Baba watoto! Shuka!"

Fundi aligonga bati lake. Anayegonga bati hasikii hata nafsi yake.

Wingu likamulika tena. Sindano akahesabu. Kumi na nane.

"Kilomita sita. Linakuja. Shukaaa!"

"Hata akisikia," nikasema, "amenuna."

Sindano akanitazama. Halafu akaikwapua ile sketi kutoka kwenye cherehani, nusu ya uzi bado inaning'inia. Akapanda juu ya benchi ukingoni mwa ua. Akaipunga kwa mikono yote miwili, kulia, kushoto, kulia, kushoto, huku akipiga kelele maneno mengi. Mengine siyaandiki, kitabu hiki kitasomwa na watoto.

Nyundo ya Fundi ikasimama hewani.

Alitutazama. Akageuza shingo, akaliona wingu. Na mwanangu yule, asiyejua haraka tangu tumboni, alishuka ngazi kama maji. Akawapungia vibarua, wote wakakimbilia upande wa pili wa jengo. Tukaacha kuwaona.

"Haya, na wewe ndani!" nikamwambia Sindano. "Mwalimu alisema verandani si ndani."

"Cherehani..."

"Cherehani ni chuma, haina watoto. Ingia!"

Tukafunga mlango, wajukuu tukawakalisha katikati ya chumba. Mvua ikaanguka kama changarawe. Dirishani hatukuona jengo, hatukuona bonde. Tuliona weupe tu.

Mmweko. "Moja, mbili, tatu, nne..." Saba. Nane. Ngurumo.

Mmweko. "Moja, mbili, tatu..." Ngurumo.

Kisha ukaja mmweko mkubwa, chumba kizima kikawa cheupe, nikaona hata vumbi lililo juu ya kabati.

"Moja," akasema Sindano, na ngurumo ikapasuka, vyombo vikacheza rafuni.

Hakuhesabu tena. Uso ulimbadilika. "Moja, Mama. Moja ni kule. Moja ni pale alipo."

Akaenda mlangoni. Nikamshika nguo. "Huendi."

"Niachie, Mama!"

"Sikuachii. Nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Na akirudi akakukosa wewe, nitamwambia nini?"

Akakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango. Tukakaa hivyo. Ngurumo zikasogea mbali. Kumi. Ishirini. Kisha hazikusikika. Mvua ikapungua, Sindano akiitazama saa ya ukutani kama anataka kuusukuma mshale kwa macho. Sikuwa na mzaha hata mmoja, na mnanijua.

Nusu saa ikatimia. Sindano akafungua mlango, akasimama ukingoni mwa ua mpaka Fundi akaonekana anapanda mteremko, tope mpaka magotini.

Akafika verandani, akavua kiatu kimoja.

"Tuliingia kwenye nyumba ya jirani," akasema. "Wote." Akavua cha pili. "Mti ulio nyuma ya jengo umepasuliwa katikati. Ngazi yangu ilikuwa imeegemea karibu yake."

"Mbona umechelewa?" Sindano akauliza. Sauti haikuwa yake.

"Nusu saa. Mwalimu alisema."

Sindano akajifuta pua kwa mkono. "Ulinisikia nikikuita?"

"Sikukusikia. Nilikuona. Sauti yako ilinifikia nikiwa nimeshashika ngazi."

"Ulisikia nilichosema?"

Fundi akafikiri. Safari hii Sindano alimngoja.

"Nilisikia. Ulinitukana mimi, ukatukana nyundo, ukatukana na bati."

"Basi nisamehe. Kwa hayo, na kwa yule mwanamke."

"Hayo ya kutukana yalifika nyuma," akasema Fundi. "Mimi nilishaiona mikono yako."

Nikaona ni vizuri niende nikatazame mboga jikoni. Hazikuwepo mboga.

Siku hizi mafundi wote wa kule, wingu likitokea, wanatazama veranda yetu. Sindano amejishonea bendera nyekundu, kitambaa kizuri, pindo mbili. Anahesabu kwa sauti, na wajukuu wanahesabu naye. Ngurumo ikilia kabla hawajafika thelathini, bendera inapanda juu, nyundo zinashuka chini. Wakisikia ngurumo bila kuona mmweko, hawahesabu kabisa, bendera inapanda moja kwa moja. Mwalimu Filimbi amewaleta wanafunzi wake waone.

Mwenye ile sketi alikuja kuichukua. Ilikuwa imenyeshewa, imekauka, imepungua. Alijaribu kuivaa, ikagoma kiunoni. Sindano akaniangalia.

Mimi nikamwambia mteja kwamba ndoa imemkubali, amenenepa. Alilipa akicheka.